Nimeongeza pawa kwenye faiba, picha zimeharibika zaidi. Nguvu inaenda wapi?

MTU WA KEBO (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limeninyima usingizi siku ya tano leo, na bosi ameshaanza kuniangalia kama mtu aliyekula hela ya mashine.

Mimi ni fundi wa kebo TV hapa Moshi, mwaka wa tisa sasa. Nilianza kwa kuburuta koaksia juu ya mabati ya Majengo, nikaja kwenye faiba nikiwa mtu mzima. Kuunga najua, OTDR (mashine inayopima urefu na majeraha ya uzi) nasoma, fizikia niliiacha kidato cha nne na yenyewe haikunililia.

Mambo yako hivi. Chumba cha mitambo kiko mjini. Kuna transmita ya mwanga wa nanomita 1550 inayoingia kwenye EDFA (mashine ya kukuza mwanga), halafu uzi mmoja unakwenda mpaka Boma Ng'ombe. Kwa barabara ni kilomita ishirini na kitu, ila kebo yetu inazunguka na kila nguzo ya kona ina mkunjo wa akiba, kwa hiyo OTDR inasoma kilomita 31. Hasara ya njia nzima ni desibeli 7, nimeipima mara nyingi kuliko nilivyopima joto la mwanangu.

Zamani EDFA ilikuwa inatoa 16 dBm (nguvu ya mwanga kwa desibeli, sifuri ikiwa miliwati moja). Boma nilikuwa napokea 9, inaingia kwenye splita (kigawa mwanga) ya 1 kwa 8 inayokula 10.5, kila nodi, yaani boksi la mtaani linalogeuza mwanga kuwa TV, inapata karibu -1.5. Picha safi, wateja kimya. Mwezi uliopita tumepata mtaa mpya, nodi nane zaidi, nikabadilisha splita nikaweka ya 1 kwa 16. Hesabu ikawa 9 toa 13.7 ya splita, yaani -4.7 kwenye nodi. Chenga zikaanza. Nikamwambia bosi dawa ni EDFA yenye nguvu zaidi. Akanunua ya 22 dBm. Nimeipima kwa pachikodi fupi (kiuzi cha kuunganishia), inatoa 22 kamili.

Nilitegemea Boma nipate 15. Nimepata 13.1.

Sawa, nikasema labda kuna konekta imechafuka. Lakini kinachonishangaza ni hiki: hata kwa 13.1, nodi zinapata -0.6, ambayo ni nzuri kuliko hata ile ya zamani. Halafu picha ni mbaya! Mbaya kuliko chenga za mwanzo. Kuna chenga, kuna mistari ya mshazari, chaneli za chini ndizo zinaumia zaidi. Pawa mita inasema ipo, TV inasema haipo. Nimwamini nani?

EDFA hiyohiyo nimeijaribu kwenye njia ya kilomita 2 hapa mjini, kwa 22 ileile. Haina tatizo lolote.

KISHOKA WA SPULAISI (Moshi)

Spulaisi mbovu hiyo mangi, nyuzi zimeungwa vibaya. Pawa ikiwa ndogo haionekani, ukiongeza inajitokeza. Tafuta pale daraja la Kikafu, kila mtu akikata kebo anakata pale.

MTU WA KEBO

Kaka, Kikafu nimepita na OTDR kutoka pande zote mbili. Kubwa kuliko zote ni 0.08. Mstari umenyooka kama rula.

NEEMA WA TENGERU (Arusha)

Kaka, pole na kazi. Kwanza naomba tusimalize konekta zote za Hai kwa pamba na spiriti kabla hatujafikiri.

Spulaisi mbovu, konekta chafu, mkunjo, vyote hivyo vina tabia moja: vinakula asilimia ileile bila kujali umetia nguvu kiasi gani. Ukitia 10 vinakula nusu, ukitia 20 vinakula nusu. Kwa desibeli hasara haibadiliki. Wewe umetuletea namba mbili tu. Kwa 16 hasara ni 7.0, kwa 22 hasara ni 8.9. Uzi uleule! Hiyo siyo tabia ya uchafu.

Nenda kapime katikati. 16, 18, 20, 22. Mtu mmoja abaki Moshi anaongeza, mwingine awe Boma na pawa mita. Usibadilishe kitu kingine chochote. Na usichomoe pachikodi wakati EDFA imewaka, 22 dBm ni miliwati karibu 160 na jicho halioni 1550, utajua umeungua ukishaungua.

MTU WA KEBO

Ahsante dada. Leo nimeifanya hiyo kazi, ngoja niwasimulie maana imenigharimu.

Nimepanda haisi saa kumi na mbili alfajiri. Nikamwacha dogo chumba cha mitambo na maagizo: usiguse kitu mpaka nikupigie. Kufika Boma umeme hakuna, pawa mita ina chaji robo. Nikampigia dogo, weka 16. Akaniuliza, kumi na sita ya wapi? Tukaelewana. Kufika 20 vocha ikaisha katikati ya sentensi, ikabidi nikimbie dukani na mita mkononi, mwenye duka akadhani nimekuja kusoma luku.

Namba ndizo hizi. Moshi 16, Boma 9.0. Moshi 18, Boma 11.0. Moshi 20, Boma 12.4. Moshi 22, Boma 13.1.

Yaani mpaka 18 kila kitu ni halali, hasara saba ileile. Baada ya hapo ninatia mbili napata moja na kitu, natia mbili tena napata saba ya kumi. Kama mtu anayechangia kikoba ambacho mweka hazina ndiye anayekula. Dada Neema, ulijuaje?

NEEMA WA TENGERU

Nilihisi tu. Nina jibu kichwani ila kuna mzee humu ameshughulika na hii kitu kabla sijazaliwa. Mzee wa Sakina, shikamoo, njoo huku.

MSTAAFU WA SAKINA (Arusha)

Marahaba binti. Nimeona. Nilikuwa kwenye migomba.

Kijana wangu wa Moshi, nguvu yako haijapotea, imerudi nyumbani. Ukikaa Moshi ukapima kinachorudi kutoka kwenye uzi, utaikuta yote.

Hilo jambo lina jina la Mfaransa, Léon Brillouin, aliyeliandika mwaka 1922 akiwa hana habari ya faiba wala kebo TV. Naomba unisome taratibu.

Kioo tunakiona kigumu, lakini mwanga wenye nguvu unakibana kidogo. Sasa, mwanga unapokwenda Boma, daima kuna vijichembe vinavyorudi nyuma, hata OTDR yako inaishi kwa kusoma hivyo vijichembe. Mwanga unaokwenda na mwanga unaorudi vikikutana ndani ya kioo, vinatengeneza mapigo. Mapigo hayo yanakibana kioo hapa, yanakiachia pale, yanakibana tena. Hilo ni wimbi la sauti. Sauti ya ajabu, mitetemo bilioni 11 kwa sekunde, na inasafiri ndani ya kioo karibu kilomita 6 kila sekunde. Na mahali palipobanwa na palipoachiwa vikijipanga mstari mrefu namna hiyo, vinakuwa kioo cha kujitazamia. Mwanga unagonga unarudi. Ukirudi zaidi, mapigo yanakuwa makubwa zaidi, sauti inakuwa kubwa zaidi, kioo kinakuwa bora zaidi, unarudi zaidi tena. Umeona inavyojilisha?

Ndiyo maana mpaka 18 hukuona kitu. Chini ya kizingiti, sauti inakufa kabla haijajikusanya. Ukivuka kizingiti, sehemu kubwa ya unachoongeza inarudishwa.

Ninyi watu wa Moshi mna mifereji ya babu zenu inayoshuka kutoka mlimani. Mfereji ukizidishiwa maji, humwagika pembeni kwenye shamba la jirani, na ugomvi unaanza. Mfano huo nimewahi kuutumia kufundisha vijana, lakini haukukaa sawa. Hapa maji hayamwagiki. Yanageuka yanapanda kurudi Kibosho, na kadiri unavyofungulia ndivyo yanavyopanda.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo zuri: kwa nini nodi zinapata nguvu ya kutosha na picha ni mbaya? Transmita yako ni ya aina inayopitisha leza safi kwenye moduleta ya nje, kifaa kinachopakia picha kwenye mwanga. Mwanga wake karibu wote umekaa kwenye masafa mamoja membamba sana, na picha zenyewe ni vipande vidogo pembeni, kulia na kushoto. Hiki kioo cha sauti kinachagua. Kinarudisha kile tu kilichokaa ndani ya upana wa megahetzi makumi kadhaa. Kwa hiyo kinakula ile nguzo ya katikati na kuacha pembeni zipite. Nodi yako inapokea mwanga ambao nguzo yake imeng'atwa, na kung'atwa kwenyewe hakutulii, kunacheza kila sekunde. Pawa mita inapima wastani, haijui kucheza. TV inajua.

Kama unataka namba: mwaka 1972, Ippen na Stolen wa Bell Labs waliiona hali hii ndani ya faiba, na faiba yenyewe ilikuwa mbichi, Corning walikuwa wameishusha hasara chini ya desibeli 20 kwa kilomita mwaka 1970 tu. Mwaka huohuo wa 1972 Smith akatoa kanuni ya kizingiti: 21 zidisha eneo ambalo mwanga umetandaa ndani ya uzi, gawanya kwa uwezo wa kioo kukuza na kwa urefu unaofanya kazi. Uzi wetu wa kawaida una eneo la mikromita za mraba karibu 80. Urefu siyo 31, kwa sababu mwanga unazidi kufifia njiani, kilomita za mwisho hazichangii. Kwa 31 urefu unaofanya kazi ni karibu 16 na nusu. Ukipiga hesabu kwa leza safi kabisa unapata miliwati 2. Mbili! Ni 3 dBm.

Kwa nini basi wewe ulifika 18? Kwa sababu waliotengeneza transmita yako wanaijua shida hii, wakaitikisa leza kwa makusudi ili mwanga usikae mahali pamoja, ukatandaa. Sauti haipati nafasi ya kujipanga. Nenda kwenye menyu ya transmita, utaona mahali pameandikwa SBS, ndiyo hii ya Brillouin kwa kifupi cha Kiingereza, na namba ya dBm. Niambie imeandikwa ngapi.

Na njia yako ya kilomita 2 mjini: urefu unaofanya kazi ni kama 1.9, kwa hiyo kizingiti kiko juu karibu mara 9. Ndiyo maana huko EDFA inajidai.

KISHOKA WA SPULAISI

Mzee na mimi nauliza bila ubishi. Mbona OTDR haikuiona?

MSTAAFU WA SAKINA

Swali zuri. OTDR inatuma vipande vifupi vya mwanga, na leza yake ni pana, imetandaa nanomita nzima au zaidi. Hakuna sauti inayoweza kujipanga na mwanga wa namna hiyo. OTDR inaona majeraha ya uzi, na uzi wako ni mzima.

MTU WA KEBO

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mke wangu akauliza nasali nini.

Menyu nimeikuta. Imeandikwa SBS 16.0, na inaruhusu kutoka 13 mpaka 19. Miaka yote ninapita hapo nadhani ni jina la kiwanda.

Nimeipandisha 19 haraka haraka kabla hata ya kurudi hapa. Kwa 20 dBm Boma ikapanda kutoka 12.4 ikawa 12.9. Chenga zimepungua kweli. Lakini mistari ya mshazari imebaki, na chaneli mbili ambazo zilikuwa safi sasa nazo zina mistari. Nimepona jino nikaumwa sikio.

Na nataka kuona kwa macho yangu hicho kinachorudi. Siyo kwamba nabisha mzee. Bosi ndiye anayebisha.

MSTAAFU WA SAKINA

Ndivyo inavyokuwa. Ukiutandaza mwanga ili kuikwepa sauti, unaukabidhi kwa kitu kingine: rangi tofauti za mwanga hazisafiri kwa kasi moja, na kwa kilomita 31 zinaanza kuachana. Hiyo ndiyo mistari yako mipya. Irudishe 16, hapo ndipo transmita yako inatoa picha bora kwa njia ndefu.

Kuhusu kuona kwa macho: tafuta kapla ya mbili kwa mbili, ya 1 kwa 99, yaani kiungo chenye miguu miwili kila upande kinachochota asilimia moja ya mwanga. EDFA iingie mguu mmoja, mguu wa 99 uende Boma. Mguu wa nne, ule ulio upande wa EDFA, weka pawa mita. Utasoma asilimia moja ya kinachorudi, kwa hiyo jumlisha 20. Halafu sikiliza hapa, maana nimewaona wengi wakijidanganya: ule mguu wa 1 ulio upande wa Boma usiuache wazi na konekta ya kawaida. Ncha yake itaakisi mwanga na utasoma uongo. Uzungushe kwenye kalamu mara kumi na tano, mwanga ufie hapo.

NJIRO MTANDAO (Arusha)

Wakuu naomba nidandie, samahani mwenye mada. Mimi niko Njiro, tuna EPON (mfumo wa kugawa intaneti kwa faiba) na TV kwenye uzi mmoja. Chaneli zote safi isipokuwa moja, ile ya megahetzi 62.25. Ina mistari myeusi inayopanda na kushuka. Halafu kitu cha ajabu: usiku wa manane ndiyo inakuwa mbaya kabisa, mchana watu wakiwa wengi mtandaoni inatulia. Ni hiyohiyo ya Brillouin? TV yetu inatoka 17 tu na njia ni kilomita 6.

MSTAAFU WA SAKINA

Hapana. Huyo wako ni Mhindi.

Raman, Chandrasekhara Venkata Raman, aliiona Kolkata mwaka 1928 na mwaka 1930 akapewa Nobel. Tofauti ni hii: kwa Brillouin kioo kizima kinatetemeka kama sauti, mwanga unarudi nyuma. Kwa Raman ni atomi za kioo zenyewe zinatikisika, haraka zaidi ya mara elfu, na mwanga hauhitaji kurudi. Mwanga wa rangi fupi unautilia nguvu mwanga wa rangi ndefu unaosafiri nao. Ukiwa na rangi moja tu ndani ya uzi, Raman huhitaji karibu wati nzima ndipo uione, huku kwetu haina habari na sisi. Lakini ukiwa na rangi mbili haihitaji kizingiti kikubwa hivyo, kila punje inahesabika.

Intaneti yako inashuka kwa 1490, TV yako iko 1550. Umbali kati yao ni nanomita 60. Raman hupenda zaidi kama 100, ila 60 imo ndani ya mlango. Kwa hiyo kila moja na sifuri ya intaneti inaugusa mwanga wa TV kidogo, inauongezea. Chaneli za juu zinapona, kwa sababu 1490 na 1550 hazisafiri kwa kasi moja, na kwa masafa ya juu mguso unajifuta wenyewe njiani. Chaneli za chini hazijifuti.

Sasa kwa nini usiku? EPON ikiwa haina data ya kupeleka, hainyamazi. Inarudia mchoro mmoja wa biti 20, tena na tena. Laini yenyewe inakwenda gigabiti 1.25 kwa sekunde. Gawanya kwa 20.

NJIRO MTANDAO

62.5.

Mungu wangu.

NEEMA WA TENGERU

Na chaneli yako iko 62.25. Robo megahetzi tu pembeni, katikati ya picha. Mchana kukiwa na data nyingi mchoro unavunjika, nguvu inasambaa kila mahali na haionekani. Watu wakilala, EPON inaimba noti moja mpaka asubuhi.

Ihamishe hiyo chaneli, usiweke kitu pale. Au punguza 1490 kama wateja wako wana nafasi, mguso wa Raman unapungua sawasawa na nguvu yake.

NJIRO MTANDAO

Nimebadilisha fundi wawili kwa ajili ya hii chaneli. Wawili! Mmoja nilimwambia hajui kazi mbele ya watu. Ngoja nikamtafute.

MTU WA KEBO

Nimerudi. Kapla nimeazima kwa jamaa wa Rau, imekaa kwenye boksi tangu anunue, hajui ni ya nini. Kalamu nimetumia bik ya mwanangu.

Kwenye mguu wa nne: kwa 16 nimesoma -35.8. Kwa 18, -27. Kwa 20, -9. Kwa 22, -2.5.

Nikajumlisha 20 kama mzee alivyosema. Kwa 22 kinachorudi ni 17.5 dBm. Nikageuza kuwa miliwati, nimetuma 158, zimerudi 56. Theluthi nzima! Zilizobaki 102, ambazo ni 20.1 dBm, toa 7 ya njia, 13.1. Ndiyo ileile niliyoisoma Boma, nukta kwa nukta. Nilikaa chini kwenye ndoo. Siku tano nasafisha konekta.

Na angalia kutoka 18 mpaka 20: nimeongeza mbili, kinachorudi kimeongezeka kumi na nane.

Bosi nilimwita akaona mita. Akauliza, kwa hiyo hela yangu inarudi? Nikamwambia mwanga ndiyo unarudi.

Sasa mzee nifanye nini? EDFA haiwezi kurudishwa, aliyetuuzia tulipomwambia tunatuma kilomita 31 alisema ndiyo kabisa inafaa. Sitaki kumtaja.

MSTAAFU WA SAKINA

Kwa kawaida ningekwambia tuma 16, halafu weka EDFA ya pili Boma, ugawe kule kule. Ila hiyo inataka chumba, inataka betri kwa sababu ya umeme, na inataka bosi atoe hela tena.

Kebo yako ina nyuzi ngapi?

MTU WA KEBO

Kumi na mbili. Tunatumia mbili, moja ya TV na moja ya data. Kumi zimelala.

MSTAAFU WA SAKINA

Basi una utajiri na unalia njaa. Kizingiti ni cha kila uzi peke yake. Uzi mmoja hauna habari jirani yake amebeba nini. Weka EDFA kwenye 20, iingie splita ya 1 kwa 2 palepale Moshi. Inakula 3.5, unapata 16.5 kwenye kila mguu. Tuma nyuzi mbili. Boma usiweke 1 kwa 16, weka mbili za 1 kwa 8.

NEEMA WA TENGERU

16.5 toa 7 ni 9.5, toa 10.5 ni -1.0 kwenye kila nodi. Na splita ya 1 kwa 2 ni bei ya chakula cha mchana. Kaka, nimekasirika kwamba sikuiona mimi.

KISHOKA WA SPULAISI

Ile 1 kwa 8 ya zamani bado unayo?

MTU WA KEBO

Ipo, nilikuwa naitumia kuzuia mlango wa stoo.

Haya wakuu, ni siku ya tatu tangu nibadilishe. Uzi wa pili nimechagua namba tano, wa kijivu. Uzi wa kwanza kila nodi -1.0, wengine -1.1. Wa kijivu nodi zinapata -1.4, na Kishoka, naomba nikutamkie hadharani: kuna spulaisi ya 0.4 pale Kikafu. Kwenye huo wa kijivu tu. Nitaifungua Jumapili mvua ikikata, tuandamane.

Chenga hakuna. Mistari hakuna. Mguu wa nne unasoma -35 na kidogo. SBS imerudi 16, na nimebandika karatasi juu ya menyu kwamba siyo jina la kiwanda.

Bosi bado ana swali moja, kwa nini alilipia 22 kama tunatumia 20. Nimemwambia mtaa wa tatu ukija tunafungua uzi mwingine, splita inakuwa ya 1 kwa 4, na 22 ndiyo itakayotosha kidogo kidogo. 22 toa 7.2 ni 14.8 kwa kila uzi. Nimepiga sawa mzee?

MSTAAFU WA SAKINA

Umepiga sawa. Nodi zitapata -2.7, zitavumilia. Lakini huo wa kijivu utaanza kukulilia, kafungue hiyo spulaisi kwanza.

MTU WA KEBO

Sawa mzee. Ukipita Moshi unijulishe, mtori utaukuta wa moto.